Mwongozo kamili: kutambua spea halisi za ndani za Ford Mustang, 1964 hadi 1966

Mustang ya kwanza ilianza kuundwa Dearborn, Michigan, tarehe 9 Machi 1964, na ikazinduliwa 17 Aprili mwaka huohuo. Namba za chesisi za magari ya mwanzo zinaanza na 5, yaani modeli ya 1965, hata kama gari limetoka kiwandani Mei 1964. Hilo jina la "1964½" ni la mashabiki, wala halimo kwenye namba. Ndiyo maana kumwuliza muuza spea "hii ni ya 1965?" hakukufikishi mbali. Kati ya Machi 1964 na mwisho wa modeli ya 1966 vitu vingi vya ndani vilibadilishwa, vingine bila tangazo lolote. Unachotakiwa kujua ni tarehe ambayo gari lako liliundwa na kitu ambacho kiwanda kilikuwa kinafunga siku hizo.

Vifaa ni vichache: tochi, kioo kidogo chenye mpini kama cha daktari wa meno, brashi laini, bisibisi ya nyota na bapa, seti ya aleni, simu ya kupigia picha, mifuko midogo ya plastiki na kalamu ya wino mzito. Piga picha kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Hatua ya 1: Soma kibati cha mlangoni

Fungua mlango wa dereva, wa kushoto. Kwenye ukingo wake wa nyuma kuna kibati kilichopigwa ribiti, chenye visanduku BODY, COLOR, TRIM, DATE, D.S.O., AXLE na TRANS, pamoja na namba ya chesisi. Kwa kazi ya ndani ya gari tunahitaji vinne: BODY, TRIM, DATE na TRANS.

BODY inaanza na umbo la gari: 65 ni paa gumu, 76 ni paa la kukunja, 63 ni fastbeki, yaani paa linaloteremka moja kwa moja hadi nyuma. Herufi inayofuata ndiyo yenye uzito kwetu. A ni ndani ya kawaida yenye viti viwili vya mbele vilivyoachana. B ni ndani ya kifahari, ile ambayo mashabiki huiita "Pony" kwa sababu ya farasi wanaokimbia waliochorwa kwenye migongo ya viti. C ni kiti kimoja kirefu cha mbele, nacho utakiona kwenye 65 na 76 tu.

TRIM ni rangi na aina ya vinili. Kwa ndani ya kawaida ya 1965, 22 ni bluu, 25 ni nyekundu, 26 ni nyeusi. Kwa ndani ya kifahari tarakimu ya kwanza inageuka 6: 62 bluu, 65 nyekundu, 66 nyeusi. Ukikuta D mbele, viti ni vyeupe na vingine vyote vina rangi ya tarakimu inayofuata. D2 ni nyeupe na bluu. Hapa ndipo watu wengi huagiza zulia jeupe kwa gari la D2, kisha wakashangaa kwa nini halikai vizuri machoni. Zulia, dashibodi na mikanda huifuata ile rangi ya pili.

DATE ni siku ikifuatiwa na herufi ya mwezi: A ni Januari, B Februari, na kuendelea hadi M ambayo ni Desemba, herufi I ikirukwa. Herufi N hadi Z, bila O, ziliwekwa akiba kwa modeli iliyoundwa kwa zaidi ya miezi 12. Kwa hiyo 14K ni tarehe 14 Oktoba. TRANS inakwambia ni gia gani: 1 ni gia tatu za mkono, 5 ni gia nne za mkono, 6 ni otomatiki ya C4. Tutaihitaji tukifika kwenye pedeli.

Usikiamini kibati peke yake. Vibati vipya vinauzwa vikiwa vimepigwa chapa ya namba yoyote utakayo, na milango hubadilishwa baada ya ajali. Fungua boneti, tazama juu ya bati la ndani la fenda ya kushoto, pale fenda ilipokatwa kijipengo. Namba ya chesisi imegongwa hapo kwenye chuma chenyewe, na lazima ilingane na ya kibati herufi kwa herufi. Isipolingana, kila kitu ambacho kibati kinasema kuhusu viti na rangi ni cha gari jingine.

Soma pia herufi ya tano ya namba hiyo, ambayo ni injini. Kwa mfano 5F07C ni modeli ya 1965, kiwanda cha Dearborn (R ni San Jose, T ni Metuchen), paa gumu, injini ya 289 (ukubwa wake kwa inchi za ujazo) yenye kabureta ya midomo miwili. A ni 289 ya midomo minne, K ni ile ya nguvu kubwa, T ni silinda sita ya 200. Ni habari ya injini, lakini itakuja kutoa ushahidi kuhusu dashibodi.

Hatua ya 2: Tafuta karatasi ya kiwandani

Kwa Ford za kuanzia modeli ya 1967 unaweza kununua ripoti ya Marti, iliyotolewa kwenye kumbukumbu za uzalishaji za Ford zenyewe. Kwa 1965 na 1966 kumbukumbu hizo hazimo, kwa hiyo tumaini lililobaki ni karatasi ya maelekezo ambayo wafanyakazi waliifuata wakati wa kuunda gari. Mara nyingi ilisahaulika humohumo. Ng'oa kiti cha nyuma, kipindue, na uangalie katikati ya springi. Angalia chini ya zulia na nyuma ya mgongo wa kiti. Ukiipata, usiivute, imeshakuwa kavu kama jani la tumbaku. Ipige picha ilipo, kisha iteleze polepole juu ya kipande cha karatasi ngumu.

Hatua ya 3: Hakikisha rangi ya asili

Magari mengi yaliyoanza bluu sasa ni meusi, kwa sababu rangi nyeusi huuzika haraka. Rangi ya kupuliza haifiki kila mahali. Toa boksi la karatasi ngumu lililo ndani ya droo ya dashibodi, umulike chuma kilicho nyuma yake. Toa vifuniko vya plastiki vilivyo pembeni mwa miguu, kushoto na kulia, uangalie migongo yao. Pindua kiti cha mbele utazame vinili ilipokunjwa na kubanwa kwa pete za waya. Sehemu tatu zikikubaliana na TRIM, umepata rangi yako. Zikikataa zote tatu kwa pamoja, shaka kibati kabla ya kushuku viti.

Vinili iliyopuliziwa rangi huwa na dalili: vijishimo vya ngozi vimejaa, na mistari ya uzi ina rangi ileile ya kiti. Pangusa kwa pamba yenye spiriti mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, aliyepuliza hakusafisha vinili vizuri, na rangi hiyo itakwanguka kwenye suruali za abiria.

Hatua ya 4: Dashibodi

Hapa ndipo udanganyifu mwingi ulipo, na ndipo pa kukaa muda mrefu.

Magari ya 1964 na 1965 ya kawaida yana dashibodi iliyotokana na ya Ford Falcon: spidomita ndefu iliyolala, na geji mbili za duara, ya mafuta na ya joto, moja kila upande. Presha ya oili na chaji ni taa tu. Kwenye magari ya mwanzo, yaliyofungwa jenereta, taa ya chaji imeandikwa GEN. Kuanzia kiangazi cha 1964 Ford walipohamia alteneta, maandishi yakawa ALT. Gari la Novemba 1964 lenye GEN limebadilishwa dashibodi. Gari la Mei 1964 lenye ALT pia.

Modeli ya 1966 ilipata dashibodi ya geji tano kama kitu cha kawaida: spidomita ya duara katikati, na mafuta, joto, oili na ampea pembeni. Uso wake ni mweusi wenye vinundu kama mwili wa kamera. Kwenye ndani ya kifahari una sura ya mbao.

Tatizo liko kwenye modeli ya 1965 yenye geji tano. Zipo halali, lakini kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni ndani ya kifahari, ambayo ilianza kutoka 1965, siyo 1964. Gari hilo lazima liwe na herufi B kwenye BODY. Ya pili ni kifurushi cha GT, yaani vifaa vya kimichezo pamoja na taa za ukungu mbele, kilichoanza Aprili 1965. GT haiandikwi popote kwenye kibati, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana. Lakini GT iliuzwa na injini za A na K peke yake. Basi ukiona 65A yenye geji tano na injini ya C au T, dashibodi hiyo imeletwa baadaye. Ukiona 65A yenye injini ya A na tarehe ya Desemba, geji tano hazikuwa za kiwandani hata kama muuzaji ameongeza taa za ukungu mbele.

Kuna ushahidi mwingine ambao wachache hukumbuka kuuficha. Geji ya oili inahitaji sensa kubwa kwenye bloku ya injini, yenye umbo la kengele. Taa ya oili hutumia swichi ndogo. Chungulia hapo chini. Dashibodi ya geji tano yenye swichi ndogo kwenye injini ya 1965 imeungwaungwa. Halafu chukua kioo chako cha mpini utazame nyuma ya geji: waya za gari la geji tano zilikuwa tofauti, zilikuja kama fungu moja lililosukwa kiwandani. Waya zilizofungwa kwa utepe mweusi wa dukani na kuunganishwa kwa viunganishi vya bluu na vyekundu zinajieleza zenyewe.

Kabla ya kutoa dashibodi, ondoa betri. Toa kebo ya spidomita kwanza, nyuma ya geji, ndipo uivute. Wanaosahau hupasua shingo ya plastiki ya spidomita, na hiyo haitengenezeki. Na ukinunua geji zilizotumika, usizijaribu kwa volti 12. Geji ya mafuta, ya joto na ya oili za Mustang hizi hupokea umeme kupitia kidhibiti kidogo kilicho nyuma ya dashibodi, ambacho hukata na kuunga hadi wastani wake uwe kama volti 5. Ukizipa 12 moja kwa moja, mshale unaruka hadi mwisho na waya wa ndani unaungua. Tumia betri nne za volti moja na nusu zilizokwisha nguvu kidogo, zikiungwa mfululizo, au chaja ya simu ya volti 5 iliyokatwa waya, na mshale ukipanda taratibu geji ni nzima. Kidhibiti chenyewe kikifa kwa kunasa, geji zote hupanda juu kwa wakati mmoja. Kikifa kwa kukata, zote hulala. Geji moja ikigoma peke yake, kosa liko kwenye geji hiyo au sensa yake.

Hatua ya 5: Namba zilizochapwa kwenye spea

Karibu kila kipande cha plastiki au chuma kilichotoka kwenye kalibu ya Ford kina namba mgongoni. Safisha kwa brashi kavu, uilaze tochi pembeni ili maandishi yatoe kivuli.

Chukua C5ZB. C ni muongo wa 1960 (B ni 1950, D ni 1970). 5 ni mwaka ndani ya muongo. Z ni gari ambalo spea ilichorewa: Z ni Mustang, D ni Falcon, O ni Fairlane, A ni Ford kubwa, S ni Thunderbird. Herufi ya nne ni idara: B ni bodi, F ni umeme na geji. Baadaye inakuja namba ya msingi, mfano 3600 ni usukani, 17255 ni spidomita, 18805 ni redio. Herufi ya mwisho ni toleo la mchoro.

Makosa mawili hufanywa hapa kila siku. La kwanza: mwaka ulio kwenye namba ni wa mchoro kuidhinishwa, siyo wa spea kutengenezwa. Kipande chenye C4D kinaweza kuwa sahihi kabisa ndani ya Mustang ya 1965, kwa kuwa dashibodi ilirithiwa kutoka Falcon ya 1964. Usikitupe. La kinyume ndilo lisilowezekana: C6 haiwezi kuwa ilifungwa kiwandani kwenye gari la Februari 1965.

La pili: namba iliyochapwa kwenye spea na namba ya boksi hazifanani, na hazitakiwi kufanana. Spea ya dukani ya Ford ilipewa Z mahali pa herufi ya nne, kwa hiyo kipande chenye C5ZB mgongoni kinaweza kuja ndani ya boksi la C5ZZ. Muuzaji akikuonyesha kipande kilichochapwa C5ZZ mwilini mwake, uliza maswali zaidi.

Kwenye plastiki tafuta pia duara dogo lenye mshale na namba, kama saa. Hiyo ni tarehe ya kalibu. Tarehe ya spea halali hutangulia tarehe ya gari kwa wiki au miezi michache. Ikija baada ya gari, ilibadilishwa. Ikitangulia kwa mwaka mzima, huenda ilitoka kwenye gari jingine.

Hatua ya 6: Milango, viti na mikanda

Shika mpini wa kupandishia kioo. Kwenye magari ya mwanzo ya 1964 umefungwa kwa klipu iliyojificha nyuma. Hakuna skrubu inayoonekana. Magari ya 1965 yaliyofuata yana skrubu ya aleni katikati. Klipu hutolewa kwa kusukuma ubao wa mlango ndani kwa kiganja, kisha kupitisha kipande cha kitambaa nyuma ya mpini na kukivuta kulia na kushoto hadi klipu iruke. Weka mkono mwingine juu yake, maana huruka kweli. Ukitumia bisibisi unachuna kromu na kuvunja ubao, ambao ni karatasi ngumu tu iliyovishwa vinili.

Vifungo vya kufungia mlango vya magari ya mwanzo vina rangi ya ndani ya gari. Baadaye vikawa vya kromu. Kiti cha abiria cha magari hayohayo ya mwanzo hakisogei mbele wala nyuma. Watu huongeza reli ili kisogee, na kwa matumizi ni jambo la maana kabisa, ila tunza kile cha asili.

Ubao wa mlango wa kawaida ni bapa na egemeo la mkono limefungwa juu yake. Wa kifahari umetoka kwenye kalibu ukiwa kitu kimoja na egemeo, una mpini wenye umbo la kishikio cha bastola na taa chini yake. Taa ndiyo njia nzuri ya kumtambua aliyegeuza gari la A kuwa B: toa ubao, utafute waya wa taa unaotoka kwenye nguzo ya mlango. Tundu la waya lililochimbwa kwa dreli lina kingo zenye makovu na chuma kisichopakwa rangi.

Mikanda ni ya kiunoni tu. Mkanda wa asili una kilebo kilichoshonwa karibu na bolti, chenye jina la mtengenezaji na tarehe. Kilebo kisipokuwepo, usilipe bei ya orijino. Na kwa gari la kuendeshwa barabarani, mkanda wenye miaka 60 ni wa kuonyeshwa; funga mpya, wa zamani uweke kwenye mfuko.

Hatua ya 7: Vitu vidogo vinavyomuumbua muuzaji

Pedeli: otomatiki ina pedeli pana ya breki, ya gia za mkono ina nyembamba mbili. TRANS ya 6 yenye klachi ni gari lililobadilishwa. Mpira wenye maandishi DISC BRAKE ni wa gari lenye diski mbele, na mpira huo mpya ni rahisi kununua kuliko diski zenyewe.

Rally-Pac, yaani saa na takometa zinazokaa juu ya mhimili wa usukani: takometa ni ya mizunguko 6,000 kwa dakika kwa injini za kawaida na 8,000 kwa K. Ile ndefu ni ya dashibodi ya spidomita iliyolala. Fupi ni ya geji tano, kwa sababu ndefu ingeziba spidomita ya katikati. Rally-Pac ndefu kwenye 1966 ni kosa hata kama ni orijino ya dhahabu.

Redio yenye kicheza kanda za 8-track ilikuja na modeli ya 1966. Swichi ya taa za dharura kwenye 1966 iko ndani ya droo ya dashibodi. Konsoli ndefu, yaani kisanduku cha katikati ya viti, haiingiani na kiyoyozi, maana kiyoyozi kinaning'inia chini ya dashibodi. Gari lenye kiyoyozi lilipewa konsoli fupi.

Ukihamia magari ya miaka iliyofuata, sheria za usalama za Marekani zinakupa tarehe kamili: mikanda ya begani ya viti vya mbele ni lazima kuanzia 1 Januari 1968, isipokuwa kwenye magari ya paa la kukunja, na maegemeo ya kichwa kuanzia 1 Januari 1969. Kwa hiyo gari la modeli ya 1969 lililoundwa Oktoba 1968 linaweza kukosa maegemeo na bado likawa kamili. Kwenye Chevrolet kibati cha kusoma kiko kwenye bati linalotenganisha injini na abiria, na tarehe yake ni mwezi kwa namba na wiki kwa herufi: 04B ni wiki ya pili ya Aprili.

Unaponunua kwa mbali, omba picha nne: uso, mgongo mzima, namba kwa karibu, na matundu ya skrubu. Matundu yaliyopanuka yanaonyesha kipande kilichofungwa na kufunguliwa mara nyingi. Kopi mpya zenye leseni ya Ford ni nzuri na hazina aibu, mradi ziuzwe kwa bei ya kopi. Kila kipande cha asili unachokitoa, hata kilichopasuka, kiandike tarehe na mahali kilipotoka, ukiweke kwenye mfuko pamoja na skrubu zake. Fundi wa viti atakihitaji kupimia mshono.